Picha ya Matanga ya Mzee Aliye Hai

Kabla hamjashikana mashati hapo kwa ngazi yangu, kaeni chini niwaambie habari ya Mzee Mutiso.

Nawasikia kila Jumamosi, nyinyi vijana wa Kianda wenye kamera shingoni. Mmoja anasema picha ni kamera, asiye na lenzi ya maana akauze maharagwe. Mwingine anasema picha ni mwanga. Yule msichana wenu mwenye rasta, ambaye simu yake ina kioo kilichopasuka, anasema picha ni ujuzi wa anayepiga. Kisha mnanigeukia: "Shosho, wewe umepiga picha tangu enzi za filamu. Tuambie ukweli, ni gani?" Nami hujifanya nachambua mchele. Si kwamba sina la kusema. La kusema ni refu, na ndani yake mna hema, mandazi, na mzee aliyekaa mbele ya matanga yake mwenyewe akibishana na pasta.

Mnajua nilikuwa na studio Laini Saba, kando ya reli. Naiita studio kwa heshima. Kilikuwa chumba cha mabati, na bati moja la paa nililing'oa nikaweka la plastiki linalopitisha mwanga. Chini ya bati hilo ndipo nilipoketisha watu. Treni ikipita, chumba kilitetemeka na mteja akatetemeka nacho, kwa hiyo nikajifunza kungoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe zaidi ya nusu. Mimi nilikuwa mtu wa mwanga. Niliamini kwamba ukimweka binadamu mahali pazuri penye mwanga mzuri, hata kamera ya mtoto itamtoa vizuri.

Mwalimu wangu, Mzee Barasa, hakuamini hivyo. Yeye aliamini ujuzi, na ujuzi kwake ulikuwa mdomo. "Mtu anayecheka hana sura mbaya," alikuwa akisema. Alikuwa mrefu, macho yamechoka, na alibeba kamera ya filamu hata baada ya filamu yenyewe kuwa adimu kama maji ya mfereji.

Wa tatu alikuwa Wekesa, kijana wa huku Kianda, na huyo alikuwa wenu kabisa. Wekesa alikuwa na mitambo. Taa mbili za flashi, miavuli ya kutawanya mwanga, stendi, lenzi yenye urefu wa chupa ya chai. Alipoinunua lenzi hiyo alikuja kunionyesha. "Mathe, cheki hii. Hii inaona hadi dhambi."

Sasa, siku moja asubuhi akaingia studioni msichana anayeitwa Ndinda, kutoka Kongo, kule Kawangware. Hakuwa amekuja kupigwa picha. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kulia, na kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri pale, alilia vizuri sana.

"Mama Mwende," akasema, "baba amekataa kwenda hospitali."

Baba yake alikuwa Mzee Mutiso, fundi wa mageti. Nusu ya mageti ya Kongo ni mkono wake. Alikuwa na henia, na daktari alikuwa amewaambia waziwazi kwamba ile henia ikijisokota tumboni, mzee atakwenda. Operesheni ilikuwa imepangwa Jumatatu ya wiki iliyokuwa inafuata. Kitanda kimepatikana, kila kitu tayari. Mzee akasema haendi.

"Anaogopa kisu?"

"Haogopi kisu. Anasema haingii theatre kupasuliwa bila picha ya matanga."

Nikadhani sikusikia vizuri. Ndinda akanieleza. Mwezi huo jirani yao, muuza makaa, alikuwa amefariki, na familia haikuwa na picha yake hata moja akiwa peke yake. Wakaikata sura yake kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu, wakaikuza, wakaiweka mbele ya jeneza. Shida ni kwamba pale harusini kuna mtu alikuwa amemwekea marehemu mkono begani. Mtu alikatwa, mkono ukabaki. Matanga mazima watu hawakulia. Walikaa wakibishana ule mkono ni wa nani. Mwanamke mmoja aliapa ni wa mume wake. Pasta, ili kuokoa hali, akatangaza kwamba ule ni mkono wa Bwana. Lakini mkono ulikuwa umevaa saa ya plastiki.

Mzee Mutiso alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amekunja uso, akaapa kwamba yeye hatazikwa na mkono wa mtu. Atapigwa picha akiwa hai, aione kwa macho yake, aikubali. Ndipo aende kwa daktari.

Mngekuwa nyinyi mngesema rahisi, si ni picha moja tu? Nami nilisema hivyo hivyo.

Nilimtuma Wekesa kwanza, kwa sababu alinisihi. Alifika Kongo kwa boda na mitambo yake yote, nami nikafuata kwa miguu. Mzee alikuwa ametoka nje kutupokea, mkono mmoja ameushikilia chini ya tumbo kama mtu aliyeficha mkate. Wekesa akapanga miavuli ndani ya chumba mpaka tukakosa pa kusimama, akachomeka taa zake kwenye stima ya ploti.

"Niangalie hapa, mzae. Usipepese."

Flashi ikawaka. Wekesa akatazama kioo cha kamera. Mzee amefunga macho.

Akarudia. Macho yamefungwa. Akarudia bila kuhesabu, akarudia akijifanya anafunga kamba ya kiatu, akarudia akiwa amempa mgongo. Kila mara macho yamefungwa, tena yamefungwa vizuri, kwa utulivu.

"Mzee, kwani unaogopa nini?" Wekesa akauliza.

"Siogopi kitu. Nimechomea vyuma maisha yangu yote. Moto mkali ukija, macho yanajifunga yenyewe. Hayaniulizi."

Ndinda alipoiona picha akatoka nje akilia. Baba yake pale alionekana ameshakufa na ameshasafishwa. Mzee mwenyewe akaitazama kwa makini, akasema, "Hii ni ya ndani ya sanduku. Mimi nataka ya juu ya sanduku."

Kisha akapata wazo. Akaingia nyuma ya pazia akarudi amevaa miwani yake nyeusi ya kuchomea. "Sasa piga. Macho yatakaa wazi."

Wekesa, kwa kukata tamaa, akapiga. Na kweli, macho yalikuwa wazi, kwa neno la mzee mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyeweza kuyaona.

"Baba," Ndinda akasema, "utazikwa kama rubani?"

Kabla mzee hajajibu, stima ya ploti nzima ikazimika. Taa za Wekesa zilikuwa zimeilemea. Majirani wakatoka nje na kelele, mwenye friji ya maziwa akiongoza, na Wekesa akafungasha mitambo yake haraka kuliko alivyoipanga.

Nikamwambia Ndinda asijali, kesho nitakuja mimi. Nilikuja asubuhi, nikiwa na shuka jeupe na kamera yangu ndogo. Nikamketisha mzee mlangoni, pua ikielekea nje. Shikeni hilo: mtu mketisheni mlangoni, si chini ya jua, si ndani ya giza. Paji la uso liking'aa, leso tu inatosha, msimpake mtu poda mpaka afanane na chapati. Nikatandaza shuka upande wa pili lirudishe mwanga kwenye shavu. Mambo yakawa matamu. Nikapiga, nikatazama kioo.

Mzee Mutiso alikuwa wa kijani.

Wa kijani kweli, kama parachichi. Nikafuta lenzi. Nikafuta macho yangu. Nikamfuta mzee. Bado kijani. Hapo ndipo nilipogeuka nikaona ukuta wa duka lililokuwa mbele yetu, umepakwa kijani kibichi juu hadi chini, na jua la asubuhi linaugonga wote na kumrudishia mzee rangi hiyo usoni. Mimi, mtu wa mwanga, niliutazama mwanga nisitazame ulikotoka. Mkienda mahali, zungusheni macho kwanza muone mwanga umeshika nini kabla haujamfikia mtu wenu.

Tukahamisha kiti hadi upande wa pili wa ploti. Sasa ilikuwa picha safi, niseme bila aibu. Kila kunjo la uso lilionekana, na hakuna lililotukanwa. Nikampa mzee aone.

Akaitazama. Akanirudishia.

"Ni nzuri, Mama Mwende. Lakini huyu mtu anaomba kazi."

Nikaangalia tena, na Mungu anisamehe, alikuwa anasema kweli. Alikuwa amekaza shingo, amebana midomo, macho yamesimama. Ilikuwa sura ya mtu anayengoja kuambiwa arudi wiki ijayo.

"Legeza uso kidogo, mzee."

"Nilegeze nifanye nini? Unataka nicheke kwenye matanga yangu? Watasema nilifurahia kufa."

Kufikia hapo ilikuwa Alhamisi, na usiku uliotangulia mzee alikuwa amelala ameketi kwa maumivu. Sikuwa na la kufanya ila kumwendea mwalimu wangu, Wekesa akinifuata. Mzee Barasa alivaa koti lake, akachukua kamera ya filamu, akasema, "Nyinyi mmempeleka mzee mahakamani. Mimi nitampeleka kunywa chai."

Nimeona watu wakizungumzishwa, lakini siku hiyo Mzee Barasa alijishinda. Alianza kwa kuuliza kwa nini geti la ploti linafunguka kwa nje. Mzee Mutiso akamweleza. Barasa akabisha. Mutiso akapandisha sauti. Barasa akasimulia harusi moja kwao Magharibi ambapo bwana harusi alishindwa kufungua geti la ukweni akaingilia ua wa miwa, akatokea mbele ya wakwe amevaa suti na majani kichwani. Mutiso akacheka hadi akashikilia tumbo kwa mikono miwili akisema, "Wacha, wacha, utaniua kabla ya daktari." Na wakati huo wote Barasa anabonyeza, klik, klik, klik. Mimi nimesimama pembeni na machozi ya furaha. Ndinda amenishika mkono.

Barasa akashusha kamera. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa boksi la filamu.

"Haya," akasema. "Sasa tuanze."

Nikalitazama boksi, halijafunguliwa. "Mwalimu, hukuwa umeweka filamu?"

"Mama Mwende, nilikufundisha nini? Ya kwanza hupigwa na kamera tupu, ili mtu aizoee. Filamu ni mali. Sasa amezoea."

Lakini Mzee Mutiso alikuwa ameshafunga uso kama duka. "Mimi nimeshacheka," akasema. "Cheko langu la leo limeisha." Na ile sura ya kuomba kazi ikarudi ikakaa mahali pake. Barasa alimaliza filamu nzima akipiga sura hiyo.

Tulitoka pale sote tumenuna. Wekesa anasema angekuwa na lenzi nyingine. Mimi nasema tungekuwa na ukuta mweupe. Barasa anasema sisi wawili tumemharibia mteja kabla hajafika. Tulibishana hivyo hivyo mnavyobishana nyinyi hapa kwa ngazi, na wakati tunabishana, Ndinda alikuwa anatufuata nyuma. Akatupita, akasimama mbele yetu.

"Nyinyi endeleeni," akasema. "Mimi baba yangu anakufa."

Akageuka, akarudi kwa baba yake.

Jioni hiyo akanipigia simu. Mzee alikuwa amefikiri, na sasa alijua shida iko wapi. Shida si kamera wala si sisi. "Anasema hivi," Ndinda akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka hata kushangaa. "Anasema picha ya matanga inaangalia watu wa matanga. Yeye hajui aweke sura gani kwa sababu hajawaona. Anataka watu wakae, waimbe, walie kidogo, aone. Ndipo atajua."

"Anataka kufanya matanga?"

"Ya majaribio. Jumamosi."

Basi tukafanya. Mnacheka, lakini tungefanya nini? Kanisa likatuazima hema na viti. Majirani wakaja, kwanza kwa sababu ya Ndinda, pili kwa sababu ya mandazi. Pasta ni yule yule wa mkono wa Bwana. Alikubali kwa sharti kwamba asiulizwe tena habari ya mkono. Na mzee mwenyewe alikuwa amechomea fremu kubwa ya chuma, yenye maua pembeni kama ya mageti yake. Tukaining'iniza mbele kwa waya, tukaweka kiti nyuma yake juu ya meza, na Mzee Mutiso akapanda kwa taabu akakaa ndani ya fremu, amevaa suti, anaangalia watu. Ukiwa mbali ungeapa ni picha.

Shida ilikuwa hiyo: kuna watu walikuwa mbali. Njia ya Kongo haifungwi. Akina mama wa kanisa walipoanza kuimba, wapita njia wakavua kofia, wakaingia, wakakaa. Watu wakaongezeka mpaka viti vikaisha. Bwana mmoja mwenye tai, ambaye hakuna aliyemjua, akaomba nafasi ya kusema machache, akasema yeye na marehemu walikuwa kama ndugu, wamekula sahani moja tangu utotoni. Ndani ya fremu niliona nyusi za marehemu zikipanda.

Kisha pasta akasimama. "Marehemu," akasema, akasafisha koo, "Mzee Mutiso, alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kupandisha sauti."

Majirani wakaanza kukohoa. Wengine wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

"Hakuwahi kugombana na mtu. Ukimpelekea kazi, aliimaliza siku aliyosema."

"Uongo!" ikapaza sauti picha. "Pasta, unadanganya watu mbele yangu? Geti la kanisa nilichelewa mwezi mzima na ukanitukana!"

Sasa kulikuwa na mama mmoja mnene aliyekuwa ameingia muda huo huo kutoka njiani, amepewa chai na mandazi, ameketi safu ya mbele akimsikitikia marehemu. Picha ilipomnyooshea pasta kidole, mama huyo hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini polepole, akasimama, akaondoka na kiti alichokuwa amekalia. Kiti hakikurudi. Yule bwana mwenye tai aliruka ukuta. Watu wa njiani wakatawanyika, wenyeji wakaanguka kwa kicheko, pasta anajitetea, hema linayumba, na sisi wapiga picha watatu tumeduwaa. Hata mmoja hakubonyeza. Nawaambia ukweli. Kitu kama hicho kilipita mbele ya kamera tatu na hakuna aliyekipata.

Kelele zilipopungua, pasta akasema kwa unyonge, "Basi mtoto wa marehemu aseme neno, tumalize."

Ndinda akasimama. Alikuwa na karatasi, akaikunja akaitia mfukoni.

"Baba yangu," akaanza, na akatabasamu, maana bado ilikuwa mchezo. "Baba yangu alinifundisha kushika koleo kabla sijajua kushika kalamu. Watu walimwambia huyo ni msichana. Akasema, chuma hakijui." Watu wakacheka. "Alikuwa anaumwa. Daktari alimwambia aende, akakataa kwa sababu ya picha. Nilimbembeleza. Nilimpikia. Nilipiga magoti." Nikaona mchezo ukimtoka usoni. "Sasa nina picha. Kila mtu anasema ni picha nzuri sana. Lakini asubuhi nikiamka, nani ataniita?"

Hakuna aliyecheka tena. Ndinda alilia pale amesimama, mikono imening'inia, na hakumwangalia baba yake.

Mzee Mutiso ndiye aliyemwangalia yeye.

Nilikuwa upande wa kulia wa meza, na mwanga ulikuwa unapita chini ya hema. Mikono yangu yenyewe ilinyanyua shuka. Wekesa alikuwa nyuma ya viti vya mwisho na lenzi yake ya chupa ya chai, bila flashi, kwa sababu majirani walikuwa wamemkataza hata kusogelea stima. Barasa hakuwa na kamera mkononi. Alikuwa nyuma ya Wekesa, ameweka mkono begani mwake, akimnong'oneza, "Bado. Bado kidogo. Ngoja apumue." Kisha akambana bega. Wekesa akabonyeza mara moja tu.

Mkiniuliza ni picha ya nani kati yetu, sisi watatu tuligombana juu ya hilo mwaka mzima na hatukuafikiana. Wekesa anasema bila lenzi yake ungepata visogo vya watu. Mimi nasema bila shuka langu nusu ya uso ingekuwa makaa. Barasa anasema angemwachia Wekesa angekuwa amebonyeza mapema akapata mzee anayetafuta leso. Mimi nasikiliza, halafu najiambia kimoyomoyo kwamba Ndinda hakuwa na kamera, wala shuka, wala hakujua lolote la picha, na angeondoka pale, sisi sote tungebaki tunampiga picha mzee anayeomba kazi.

Tulimsaidia mzee kushuka mezani. Wekesa akamwonyesha kile kioo kidogo. Mzee akakitazama muda mrefu, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu.

"Huyu namjua," akasema. Kisha akamgeukia Ndinda. "Jumatatu ni saa ngapi?"

Alikwenda. Alipasuliwa, akashonwa, akaamka akiuliza nani amepanga vitanda vibaya vile. Mimi nikashusha pumzi, nikarudi Laini Saba kwenye kazi yangu. Siku chache baadaye simu ikalia. Namba ya mzee, lakini sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye mama wa picha? Mimi ni sista wa wodi ya wanaume. Njoo umalize kitu ulichoanza."

Mzee Mutiso alikuwa ameingia wodini na picha yake tuliyomchapia, ameitundika juu ya kitanda. Wagonjwa wakauliza ni ya nini. Akawaeleza. Akawaeleza pia habari ya mkono wa muuza makaa, kwa kirefu, na saa yake ya plastiki. Sasa wodi nzima ilikuwa imegoma. Hakuna mwanamume aliyekubali kusukumwa kwenda theatre kabla ya kupigwa picha. Mmoja alikuwa ameshika mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili.

Tulikwenda wote watatu. Sista akatupa masharti: hakuna flashi, hakuna kelele, na tuwe tumetoka kabla ya chakula cha mchana. Tukaweka kiti karibu na dirisha. Mzee Mutiso alikuwa amekatazwa kubeba chochote, akasema shuka si mzigo, akashika shuka. Barasa akawazungumzisha, Wekesa akabonyeza. Wanaume wakaja mmoja mmoja na magauni yao ya hospitali yaliyo wazi mgongoni, wakikaa kwa heshima kama machifu. Kila aliyeona sura yake alitikisa kichwa kukubali, akalala kitandani, akasema, "Haya, nipelekeni."

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa kitanda cha pembeni, Shiundu, mlinzi mstaafu anayeishi Laini Saba, si mbali na studio yangu. Hakusogea. Alikuwa amegeukia ukuta.

"Mzee, zamu yako," Barasa akamwambia kwa Kiluhya, kisha kwa Kiswahili.

"Mimi sina haja," akasema. "Picha huachiwa mtu. Mimi sina wa kumwachia."

Mzee Mutiso akashusha shuka.

"Niachie mimi," akasema.

Shiundu akageuka kumtazama. Hawakuwa wamewahi kuzungumza, zaidi ya Mutiso kumlalamikia kwamba anakoroma. Akakaa kitandani taratibu, akaweka sawa kola ya gauni lake. Hakwenda kwenye kiti. Tukampiga pale pale.

Naye alipasuliwa, naye akapona. Alipopata nguvu alipanda gari hadi Kongo, akauliza kwa fundi wa mageti ni wapi, akagonga mlango, akasema amekuja kuchukua picha yake. Mutiso akamkatalia.

"Uliniachia."

"Nilikuachia nikifa! Sijafa!"

"Hukusema hivyo. Uliza wodi nzima."

Shiundu alikaa pale akibisha hadi chai ikaletwa. Akanywa, akaondoka bila picha, akaapa atarudi. Jumapili iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Ndinda sasa huweka kikombe cha Shiundu mezani kabla hajabisha hodi.

Juzi nilipita kumwona Ndinda, nikawakuta wazee wawili wameketi wanagombana kwa sauti ya kusikika njiani, picha ya Shiundu ikiwa ukutani juu ya vichwa vyao. Nikamwonea Shiundu huruma. Mutiso alipotoka kwenda kuongeza maji ya chai, nikamsogelea Shiundu nikamwambia, "Mzee, kwa nini unajisumbua hivi? Picha yako bado ninayo. Naweza kukuchapia nyingine hata kesho."

Akanikazia macho. Akatazama mlangoni, akaweka kidole mdomoni.

"Mama Mwende," akaninong'oneza, "usithubutu kumwambia."